Mtu Anayetangulia Ngamia

Wote, 18 Mei 2025

Mwaitu Nzisa,

Natumaini hujambo, mama, na mwanao Kasyoka hajambo huko shuleni anakofundisha. Nimekupigia simu tangu Januari. Inalia mpaka inakatika. Mutisya wa lori ndiye ameniambia ile simu ya kamati ya amani uliirudisha kwa chifu ndani ya mfuko wa unga, ukasema anayekutaka aandike barua. Basi nimeandika. Mkono umesahau kalamu, univumilie.

Sijawahi kukupa pole vizuri kwa hayo mambo ya Musa. Najua alikuwa kama mtoto wako. Mazishi yake Mwingi sikufika, na siku yenyewe ya mshale pia sikuwepo, nilikuwa huku mjini Wote kwa semina. Hao vijana wanaolinda mtoni tuliwafundisha miezi sita, lakini damu ya kijana unaijua. Nimeomba sana juu ya hiyo maneno.

Kuna kitu kingine. Karin, yule mzungu wa shirika, anarudi tarehe 21 Juni. Anataka kuona vile kamati ya amani inaendelea hapo Kwa Ndululu na kupiga picha. Amekutaja wewe hasa, "yule mama aliyeongea muda mrefu siku ya kwanza." Ukikubali kuja itasaidia. Si lazima uongee juu ya Musa, kwa sababu polisi bado wana faili. Useme tu kamati iko na watu wanakaa chini wanaongea.

Sikufichi, ziara ikienda vizuri nitapewa kusimamia kazi ya amani Kitui na Makueni zote mbili. Ni kazi ya kudumu.

Mtoto wako,
Munyao Kyule


Kwa Ndululu, 27 Mei 2025

Munyao,

Barua imefika. Mutisya aliileta pamoja na machungwa ya Makueni. Machungwa yalikuwa matamu kuliko barua.

Unasema hukuwepo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimepika isyo, ile ya mahindi na mbaazi, na nikaweka maji ya kunawa mlangoni. Miaka kumi na moja Musa amekula kwangu. Wewe umezaliwa hapa, unajua vile tulikuwa tunafanya. Kabla ngamia wavuke mto, mwenye ngamia Abdulkadir anamtuma ndugu yake Musa mbele kwa miguu, siku tatu mbele, hana panga, hana hata fimbo. Asubuhi ninatembea na yeye. Namwonyesha, hapa mbaazi bado, hapa tumevuna mpite. Hiki kisima cha mchanga ni cha kina Kanyiva msikiguse, kile cha chini ni chenu. Anarudi kwao, ndiyo ngamia wanakuja. Miaka kumi na moja hatukuitiana polisi hata siku moja.

Sasa Abdulkadir hatumi mtu. Watu wake wanasema nilimuuza Musa, kwamba nilimwita kwa chakula ndiyo auawe. Nilienda Mwingi kwa duka la Mwanamisi, tumejuana tangu watoto wetu wakiwa mgongoni, akanipimia kitambaa bila kuniangalia usoni. Na Julai ndiyo hiyo. Ngamia watakuja, wana kiu kama sisi. Wakija bila mtu wa kutangulia watakuja na bunduki, na vijana wetu wako mtoni na mishale. Nyumba ya kwanza kutoka mtoni ni yangu.

Nina swali moja. Kwamba Musa anakuja sikumwambia jirani yeyote. Niliandika kwa ile simu yenu, kwa ile namba moja, vile mlitufundisha kwamba kila anayevuka aripotiwe. Namba ilikuwa yako. Vijana walijuaje?

Nzisa Mutunga


Wote, 2 Juni 2025

Mwaitu Nzisa,

Nimekaa na swali lako siku nne. Barua tatu nimeandika nikachana.

Ni kweli meseji yako ilinifikia. Ilikuwa saa nne na nusu, tumetoka kwa mafundisho, nimesimama kwa laini ya chai hapo hotelini. Bado ninayo kwa simu. Uliandika, "Musa wa Abdulkadir anafika kwangu kesho kwa miguu, ni yule wa kila mwaka, vijana wamsalimie."

Kazi yangu ilikuwa kuchukua kila meseji, kuijaza kwa fomu iliyo ndani ya simu, halafu fomu inaenda kwa vijana wa mtoni. Fomu inauliza watu ni wangapi, wanaume ama wanawake, wametoka upande gani, wanaelekea wapi. Haina mahali pa jina. Tulifundishwa tusiandike jina la mtu yeyote, ati ni kwa usalama wake. Basi nikajaza, "Mwanaume mmoja, upande wa wafugaji, anaelekea mtoni. Muwe macho." Nikatuma. Nikachukua andazi langu.

Vijana walipiga kutoka mbali, wakiwa kwa vichaka. Hawakujua ni Musa mpaka walipomgeuza.

Sikuwa na nia mbaya. Nilifuata vile fomu inataka, na hata Karin mwenyewe angejaza hivyo hivyo. Nakuomba usimwambie Abdulkadir bado. Wageni wakishaondoka nitatafuta njia nzuri ya kumweleza.

Munyao


Kwa Ndululu, 9 Juni 2025

Munyao,

Njia nzuri ni barabara ya Mwingi. Magari yanapita kila siku.

Nilisoma barua yako nikaikunja, nikasema huyu amekosa lakini ni makosa ya haraka, Mungu anaona. Karibu nikuonee huruma. Halafu juzi Kasyoka akaenda kwa chifu kutafuta barua ya shule, akakuta kitabu cha ripoti yenu mezani, kina picha za rangi. Mimi niko ndani, nimefungua mdomo kama mtu anang'olewa jino. Chini ya picha kuna Kizungu. Kasyoka akakibeba nyumbani, akaanza kunisomea, akakifunga. Nikamwambia, soma, si mimi nilikulipia shule?

Imeandikwa kwamba mama mzee wa kijiji alishukuru shirika kwa kuleta mazungumzo mahali ambapo hayajawahi kuwepo.

Mimi sikushukuru mtu. Niliongea mpaka koo ikakauka. Niliongea Kikamba kwa sababu wewe ulisema niongee vile nimezoea, utanitafsiria. Siku hiyo ya kwanza tulikuwa kanisani, na Musa mwenyewe amekaa benchi ya nyuma karibu na mlango. Nilimwonyesha kwa kidole, watu wote wakageuka.

Ulimwambia yule mwanamke nini? Na usinitajie fomu. Siku hiyo hakukuwa na fomu.

Nzisa


Wote, 15 Juni 2025

Mwaitu,

Sasa nitaandika yote. Ukimaliza umpe Kasyoka asome, na mchungaji, na mtu yeyote anayetaka.

Ile siku ya kanisani, Februari mwaka jana, nakumbuka kila kitu ulisema. Ulisema wageni wamechelewa miaka kumi na moja, amani iko hapa tayari, inakuja kwa miguu kila Julai na imekaa pale nyuma karibu na mlango. Watu wakacheka, Musa akainamisha kichwa. Ukaeleza juu ya kutangulia, na mashamba, na visima, hata mwaka ule ngamia walikanyaga mahindi ya kina Kanyiva na Abdulkadir akaleta mbuzi wawili kabla hajaulizwa. Mwisho ukasema kama hawa wageni wanataka kusaidia, watuchimbie kisima kimoja zaidi upande wa chini, na wamnunulie Musa viatu. Hayo mengine tunaweza wenyewe.

Karin akaniinamia akauliza unasema nini, ameona umeongea sana. Nikamwambia unamshukuru. Nikamwambia unasema hakuna mtu amewahi kuketisha hizi pande mbili pamoja. Akaandika. Halafu akaniangalia, akauliza, "Ni hayo tu?" Nikamwambia ni hayo tu, sisi Wakamba tunashukuru kwa urefu. Akacheka. Mimi pia nikacheka.

Utataka kujua kwa nini. Siku moja kabla, wakati tunakuja na gari, nilisikia wakisema wana vijiji viwili kwa orodha na watachagua kile ambacho hakina mazungumzo kabisa, kwa sababu huko ndiko kuna kazi. Duka langu la pale sokoni Kabati lilikuwa limefungwa mwaka mzima. Nilikuwa nimeuza mpaka mizani. Mke wangu Wavinya ndiye alikuwa anatulisha kwa kusuka watu nywele, na mimi mwanaume nakaa nyumbani nikikunja nguo. Nilikuwa nimeambiwa mradi ukija kwetu nitakuwa mratibu. Nikajiambia, uongo huu mdogo utaleta kisima, na Musa atapata viatu, sasa ubaya uko wapi.

Kisima hakikuja, unajua. Kilichokuja ni simu, na fulana, na semina.

Na kuna hii pia. Kamati ilitaka watu tisa wanaojua kusoma, na majina nilitoa mimi. Wewe nilikuweka kwa sababu ya picha. Musa sikumweka. Nilisema hajui kusoma, lakini ukweli ni kwamba akiwa kwa kamati angeongea, na siku moja Karin angemwelewa. Nikaweka mtu wa Kabati ambaye huo mto hajauona mpaka leo. Kwa hivyo meseji yako ilipofika Agosti, ngamia wakiwa wamechelewa mwaka huo, Musa hakuwa na mahali popote. Si fomu ilimtoa. Mimi nilimtoa Februari.

La mwisho sijamwambia mtu, hata Wavinya. Nilipokuwa kwa ile laini ya chai nilisoma jina lake na nikamwona uso. Nilijua ni nani. Ningeweza kuandika meseji nyingine, ya kawaida, nje ya fomu, niwaambie vijana huyu ni Musa, mwacheni apite. Ingechukua dakika moja. Nilifikiria kuifanya. Nikasema nikimaliza chai. Halafu kengele ya kurudi ndani ikalia, na tulikuwa na mgeni kutoka Nairobi, na sikutaka kuingia nimechelewa.

Karin nitamwambia mwenyewe akifika. Abdulkadir nitamwandikia. Usije kwa picha.

Munyao


Wote, 24 Juni 2025

Mzee Abdulkadir,

Mimi ni Munyao Kyule, yule aliyekuwa akitafsiri siku ya mkutano wa kanisani Kwa Ndululu. Musa alikaa nyuma siku hiyo, na baada ya mkutano alinisalimia kwa mikono miwili.

Mama Nzisa hakumuuza Musa. Alimngoja na chakula. Meseji iliyowaamsha vijana niliituma mimi, nikijua ni Musa, na jina lake nikaliacha. Nimeweka hapa nakala ya barua niliyomwandikia Mama Nzisa tarehe 15. Yote iko humo, sina ingine ya kuongeza wala kupunguza. Polisi pia nimewaendea nikaandikisha hivyo hivyo.

Tarehe 21 nilimwambia Karin tukiwa njiani, kabla hatujafika. Tulipita Kabati. Halafu akaniuliza kwa nini nilifikiri kwamba wakisikia tayari tuna amani wangeondoka. Tukaenda tena mwendo mrefu, ndipo akasema kwa sauti ndogo, "Lakini ni kweli. Tungeondoka." Sikuandikii hayo ili nijitetee. Yeye aliuliza mara mbili, na mara mbili nilimdanganya. Picha hazikupigwa. Siku hiyo alikaa na Mama Nzisa masaa matatu, Kasyoka akiwatafsiria, mimi nikiwa nje ndani ya gari.

Kazi nimeacha. Ukiniita Mwingi nitakuja. Ukikataa kuniona pia ni haki yako.

Munyao Kyule


Mwingi, 1 Julai 2025

Munyao,

Salamu nimeiacha kwa makusudi.

Macho yangu hayaoni vizuri siku hizi, kwa hivyo barua zako nilisomewa na Naila, mke wa marehemu. Yeye ndiye ananiandikia hii pia. Alisoma mwanzo mpaka mwisho bila kusimama. Akaenda kuosha vyombo. Aliporudi akasema anasoma tena pale pa chai. Alipasoma mara tatu. Sikumzuia.

Mimi pia nina langu. Musa alikaa hospitalini siku mbili, na aliniambia wazi kwamba yule mama hana makosa. Nilimjibu ni homa inaongea. Nikatoka hapo nikamtangaza Mama Nzisa kwa kila mtu, dukani, kwa malisho, mpaka kwa ndugu zetu wa upande wa Garissa. Miezi kumi. Sasa naanza kuzunguka nikiyarudisha hayo maneno, mtu mmoja mmoja, na wengine hawataki kuyarudisha. Wanasema nimezeeka. Huo mzigo umenipa wewe, lakini kuubeba nilikubali mwenyewe.

Shirika wamenitumia mtu. Wanataka kutufanyia mkutano wa kupatana. Nimewaambia asante, mtuache kwanza. Kama wana gari na mafuta walete mtu wa kuchimba kisima, hilo yule mama alishawaambia.

Wewe njoo Jumamosi tarehe 12. Si Mwingi. Uje mtoni, mbele ya watu wangu na wale vijana na Mama Nzisa. Utasema yale uliyoandika. Utasema kwa Kikamba, halafu utarudia kwa Kiswahili, wewe mwenyewe, hakuna wa kukutafsiria. Hakuna atakayekugusa, hilo nimelichukua mimi. Ukimaliza utaenda kwenu.

Abdulkadir
kwa mkono wa Naila


Kwa Ndululu, 3 Agosti 2025

Munyao,

Mutisya amenipa ujumbe wako mara mbili sasa, kwamba unauliza kama unaweza kuja kututembelea, hata kuchimba hicho kisima na mikono yako. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na wageni.

Siku ile ya mtoni ulipomaliza kuongea ukaondoka, hakuna aliyeinuka. Wewe ulishapita kona. Ndipo Mbithi, yule wa kina Kanyiva, akasimama akasema mshale ulikuwa wake. Hakuna mtu alikuwa amemuuliza. Alisema anaona wewe umesema na hukukufa. Abdulkadir aliinuka, nikafikiri sasa basi, imeharibika. Akamwambia kijana akae chini atashikwa na kizunguzungu. Jumatatu Mbithi akajipeleka polisi, na bado yuko ndani. Mama yake hanisalimii. Nimekuambia hilo ndiyo usifikiri hapa kila kitu kimekuwa sawa kwa sababu wewe uliongea.

Baada ya hapo tukangoja. Wiki moja, wiki ya pili, hakuna mtu. Vijana wakaanza kurudi mtoni. Mimi nikahamisha mbuzi wangu kwa Kasyoka, nikafunga nguo zangu kwa gunia.

Jumanne nikasikia hodi. Alikuwa Naila, na dada yake, kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Sikuwa nimepika kitu. Nikaona haya, nikatafuta majani ya chai hakuna, tukakunywa maji ya moto na sukari. Nilimuuliza kama Abdulkadir amekosa wanaume wa kutuma. Akasema hakutumwa. Wanaume walikuwa wanabishana nani aje, na yeye akachoka kuwasikiliza.

Asubuhi tukatembea. Wale vijana walitufuata mbali kidogo, mikono mitupu. Nilimwonyesha kila kitu, na yeye alikuwa anauliza vizuri kuliko marehemu, anataka kujua mpaka kisima kina futi ngapi. Nilikuwa nimepanga tuzunguke tusipite pale Musa alipoangukia. Lakini shamba ni shamba, huwezi kuliruka. Tulipofika akaona vile nimepunguza mwendo. Akauliza, "Ni hapa?" Nikamwambia ni hapa. Akasimama. Mimi nikaangalia upande mwingine. Halafu nikamsikia akiuliza, "Hizi mbaazi zimevunwa ama bado?" Nikamwambia bado. Akasema ngamia watapita upande wa juu.

Juzi walivuka. Walikunywa, wakaenda.

Nilimwambia Naila kwamba unaomba kuja. Hakukasirika. Aliniuliza tu, kuja kufanya nini? Kwa hivyo usije. Mimi sijui kama nimekusamehe, na Naila sijamuuliza, si kitu cha kumuuliza mtu akiwa kwa nyumba yako.

Lakini lile swali lake ni lako. Ukipata jibu, andika, hata likiwa fupi. Nitampa asome mwaka ujao akija.

Nzisa Mutunga